Yanga ihame Jangwani au ing'ang'anie bondeni?

Mwana wa Gerezani: Wakuu, nauliza bila ushabiki. Kila masika Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani ni maji matupu. Ule uwanja wa Kaunda pale klabuni umekuwa bwawa. Yanga, yaani Young Africans, klabu ya tangu 1935, inang'ang'ania nini pale? Si ihamie Kigamboni, ardhi tele.

Bi Mkubwa Ilala: Mjukuu wangu, Yanga imezaliwa Kariakoo. Mzaramo, Mmanyema, Mngazija, wote walikutana vichochoroni mle. Ihamishe, ubaki na duka la jezi.

Lunyasi Damu: Vyura wakitolewa bwawani wataishi wapi? 😂

Kijani Mpaka Kufa: Wewe wa Simba, Sunderland ya zamani, kaa kimya. Timu ilizaliwa na jina la mji wa Waingereza, leo inatufundisha Udaresalama? Sisi ndio timu ya Waafrika, jina lenyewe linasema.

Lunyasi Damu: Kwani "Young" ni Kizaramo?

Mzee wa Aggrey: Tuliza boli, kijana. Hawakuzaliwa Sunderland. 1936 walikuwa Queens, wakaja Eagles, ndipo Sunderland. Simba ni jina la 1971. Na wazee wetu walitwambia waanzilishi wao walimeguka Yanga hiyo hiyo, kwa hiyo unamtukana mdogo wako.

Kijani Mpaka Kufa: Queens! Malkia! Asante mzee, hilo nilikuwa sina.

Lunyasi Damu: Malkia aliyewatandika sita bila 1977.

Kijani Mpaka Kufa: Tano moja, Novemba 2023. Hizo sita ulikuwa hujazaliwa.

Bi Mkubwa Ilala: Mie nilikuwepo. Kibadeni peke yake katia tatu. Nimelia kwa miguu mpaka Buguruni.

Msukuma wa Mbagala: Samahani bibi, umenigusa. Wazaramo, Wamanyema… sisi tuliokuja na mabasi hatumo? Uwanja wa Mkapa, watu 60,000, nani anaujaza? Mimi napanda daladala mbili na jezi nimenunua kwa hela ya kibarua.

Bi Mkubwa Ilala: Nani kakukataa, mwanangu? Nimesema ilipozaliwa, sijasema ya nani.

Msukuma wa Mbagala: Ndivyo mnavyosemaga watu wa mjini.

Mzee wa Aggrey: Na huo Mkapa ni wa serikali, si wa Yanga wala Simba. Miaka yote hii wote wapangaji.

Mwana wa Gerezani: Ndiyo nilichouliza! Sasa tujenge wapi?

Lunyasi Damu: Subiri kwanza, bibi ataje magoli mengine matatu nani kafunga.