Breketi ya TV kwenye ukuta wa karavani: nishikize wapi?

Baba_Jinja:
Wakuu, salaam. Nina karavani ndogo ya ekseli moja iliyotoka Afrika Kusini, niliinunua kwa mtu hapa Jinja. Desemba naipeleka familia Kidepo, hifadhi ya wanyama kaskazini mashariki mwa Uganda, na watoto wameomba TV ya jioni. TV ni inchi 32, ina kama kilo 5. Breketi ni ile ya mkono unaokunjuka, ili niivute mpaka itazame kitanda.

Shida ni ukuta, nikiugonga unalia tupu. Nilifungua tundu la swichi nikachungulia: plaiwudi nyembamba ya kama milimita 3, kisha stailofomu, kisha bati la alumini la nje. Basi. Fundi mmoja ananiambia nitoboe nitie plagi za plastiki kama kwenye nyumba ya tofali. Moyo wangu umekataa. Kuna barabara ya murram (changarawe) ya kutosha huko mbele, na watoto watalala chini ya hiyo TV. Naombeni ushauri kabla sijashika drili.

Seremala_Ndeeba:
Moyo wako uko sahihi, mkuu. Plagi ile inahitaji tofali la kuibana. Kwenye stailofomu haina cha kushika, na plaiwudi ya milimita 3 itachanika.

Tena usipige hesabu ya kilo 5 tu. Ukivuta mkono sentimita 45 kutoka ukutani, na skrubu za juu na za chini zimeachana sentimita 15, zile za juu zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 15. Hapo karavani imesimama. Ukiuacha mkono wazi kwenye murram, kila tuta linaongeza mzigo na skrubu zitaona cha mtema kuni.

Tafuta fremu, yaani mihimili ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Chukua sumaku ndogo, ipitishe taratibu ukutani. Inaponasa kuna pini au skrubu iliyoshikiza plaiwudi, na nyuma yake mara nyingi kuna mhimili. Weka alama kwa penseli mpaka uone mstari. Ukipata mihimili miwili, kata ubao wa plaiwudi ya milimita 18 unaoifikia yote miwili, uugandishe kwa gundi na uufunge kwa skrubu kwenye mihimili. Breketi inafungwa kwenye huo ubao.

Ukuta wote una kama sentimita 3, kwa hiyo zungushia keekee ya drili utepe pale unapotaka iishie. Ukitoboa bati la nje, mvua itaingia na mbao zitaoza kimyakimya. Na ujue kwanza nyaya za umeme na bomba la gesi vinapita wapi. Hili usilikisie kabisa.

Mama_Akello:
Mimi naongezea la safari. Nunua breketi ambayo TV inachomoka bila kufungua skrubu. Mkifika murram itoeni, muivishe blanketi, muisimamishe wima kati ya godoro na ukuta. Msiilaze kifudifudi, kioo hakipendi. Vumbi la huku kaskazini nalo linapenya kila mahali, hata madirisha yakiwa yamefungwa, hivyo blanketi inafanya kazi mbili.

Umeme_Mbale:
Soma kibandiko cha nyuma ya TV. Kama inatumia volti 12, usiiunge moja kwa moja kwenye betri, maana betri ikichajiwa inapanda kupita volti 14. Weka kidhibiti cha volti katikati. Kama ni ya volti 240 tu, utahitaji inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240. LED ya inchi 32 ikila wati 50, pamoja na upotevu wa inveta utavuta kama ampea 5. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa), ukiitumia nusu tu, inakupa saa 10 hivi. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na TV.

Pima pia matundu ya nyuma ya TV kabla ya kununua breketi. Kuna ya milimita 100 kwa 100, kuna ya 200 kwa 200, na unene wa skrubu unatofautiana.

Baba_Jinja:
Asanteni sana. Nimepitisha sumaku jioni hii. Upande wa kitanda kuna mhimili mmoja tu, mwingine uko mbali, nyuma ya dirisha. Ila kabati la nguo limesimama hapo hapo, ubavu wake ni mbao ya kama milimita 15. Je, litabeba?

Seremala_Ndeeba:
Hapo ni bora kuliko ukutani, ndugu yangu, kwa sababu unafika pande zote mbili. Toboa ubavu, pitisha bolti, na ndani ya kabati weka kipande cha plaiwudi kinachopita ukubwa wa breketi, washa pana (pete bapa za chuma), kisha nati zenye nailoni ndani ili mtikisiko usizilegeze. Lakini kwanza litikise kabati lenyewe kwa mikono miwili. Likicheza, lifunge sakafuni na kwenye ule mhimili mmoja uliouona, ndipo uanze na TV.

Baba_Jinja:
Nimelitikisa. Chini limekaza, juu linacheza kidogo. Kesho naanza na huko juu.