Naomba ushauri: nimpeleke mama soko gani la kwenye maji Thailand?

Dada wa Pangani
Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Mwezi ujao nakwenda Bangkok kufuata mzigo wa nguo pale Pratunam, na safari hii nafuatana na mama. Ameona video za wale wamama wa Kithai wanaouza matunda na chakula ndani ya mitumbwi, na tangu hapo hana ombi jingine. Nitamaliza manunuzi Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi ni zake.

Masoko ni mengi na kila ninayemuuliza ananitajia lake. Mama ana goti baya, ngazi anapanda kwa kushikiliwa. Pia sisi ni Waislamu, chakula kinanipa wasiwasi. Aliyefika naomba aniongoze.

Msafiri Kkoo
Dada, anza na siku, maana hayafunguliwi yote kila siku. Damnoen Saduak lipo kila siku, lakini ni la asubuhi. Amphawa ni Ijumaa hadi Jumapili, linachangamka alasiri mpaka usiku. Taling Chan na Khlong Lat Mayom yako ndani ya Bangkok kwenyewe, ila ni ya wikendi tu.

Damnoen ni kama kilomita 100 kutoka mjini. Toka hotelini kabla ya alfajiri kuisha, kwa sababu mabasi ya watalii yakishafika mfereji unajaa hadi mitumbwi haisogei, na ikifika adhuhuri wauzaji wanafungasha. Kuna vipanya kutoka stendi ya kusini, lakini kwa mama mwenye goti kodi gari, mpatane kwenda, kusubiri na kurudi.

Jambo moja la kushika sana: dereva asikuchagulie gati. Wapo wanaokushusha kwenye gati la mtu binafsi mbali na soko, unatajiwa bei ya boti inayokutoa jasho, na dereva anapata chake. Mwambie akufikishe sokoni penyewe.

Binti Mvita
Mimi Damnoen simshauri mtu. Vibanda vingi vya pembeni vinauza suruali zenye picha za tembo na sumaku za friji. Mpeleke Amphawa, Wathai wenyewe ndiko wanakokwenda wikendi. Mitumbwi imefungwa kwenye ngazi za mfereji, kamba na ngisi wanachomwa humo humo, wewe umekaa kwenye ngazi hizo unaletewa. Giza likiingia kuna boti za kwenda kutazama vimulimuli mitini kandokando ya mto.

Kwenye chakula uangalifu wako ni wa haki. Nguruwe yupo kwenye vyungu vingi, na zile tambi za mtumbwini mchuzi wake mara nyingi hutiwa damu, ziacheni. Tafuteni alama ya halali. Isipoonekana, matunda, nazi na mahindi ya kuchoma yanatosha. Na kuna khanom khrok, hizo mama atazitambua kabla hajaonja: unga wa mchele na tui la nazi, vinamiminwa kwenye chuma chenye vishimo kama chetu cha vitumbua. Ni vidogo, katikati laini kama uji mzito. Vingine wanatia majani ya kitunguu juu, na ni vitamu hivyo hivyo.

Dada wa Pangani
Ahsante sana. Hapo Amphawa, huko kukaa kwenye ngazi ndiko kunakonitisha. Halafu mama anachotaka hasa ni awe ndani ya mtumbwi na anunue kutoka mtumbwi mwingine.

Mwanamaji
Basi umejibu mwenyewe, ni Damnoen. Lat Mayom ni pazuri kwa mgonjwa wa goti kwa sababu meza nyingi ziko nchi kavu kivulini, lakini hilo analolitaka hatalipata vizuri huko.

Sikubaliani na Binti Mvita kulifuta Damnoen lote. Mfereji wenyewe ulichimbwa kati ya 1866 na 1868, enzi za Mfalme Rama wa Nne, kilomita 32 hivi, kuunganisha mito ya Tha Chin na Mae Klong. Wakulima wakachimba vijifereji vyao kuingia mashambani, wakawa wanatoa mazao kwa mtumbwi. Barabara ndizo zilizohamisha biashara, na sehemu ya katikati sasa inaishi kwa wageni, ni kweli. Mashamba lakini yapo: minazi, miembe, mabalungi. Mwombe mpiga kasia awaingize huko kwanza, kisha mrudi sokoni.

Chukueni mtumbwi wa kasia, si ule wa injini wenye mkia mrefu, unapiga kelele na kurusha maji. Kuingia si tatizo kwa mtu wa Pangani. Kazi ni kuinuka, kwa sababu ubao wa kukalia uko chini sana, karibu na sakafu. Mkirudi gatini wewe tangulia kutoka, umvute kwa mikono miwili huku mpiga kasia ameshikilia gati. Wauzaji wa vibandani wana fimbo ndefu zenye kulabu, watauvuta mtumbwi wenu kwao; mama asishtuke, akitikisa kichwa wanauachia.

Msafiri Kkoo
Naunga mkono. Nendeni Ijumaa, watalii huzidi Jumamosi. Na msikubali ile ziara ya kuunganisha Damnoen, soko la reli la Maeklong na Amphawa siku moja. Goti halitastahimili.

Binti Mvita
Kama anataka mtumbwi kwa mtumbwi, haya, nimekubali. Jumamosi basi mpeleke Lat Mayom ale ametulia. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, wanaotoka kwetu huulizwa.

Dada wa Pangani
Mungu awabariki. Ijumaa Damnoen, Jumamosi Lat Mayom. Bei wanapunguza?

Mwanamaji
Kofia za ukili na vitambaa, patana bila woga. Chakula lipa wanachotaja, na beba noti za bahti 20 na 50 nyingi. Yule mama wa mtumbwini ana mkono mmoja kwenye kasia na mwingine kwenye jiko la mkaa, chenji ya noti ya 1000 ataitoa wapi?