Rutte alijiuzulu, akarudi kwenye kiti kilekile: huko ni kuwajibika?

MWANZISHA MADA

Wakuu, habari zenu. Mark Rutte ni Katibu Mkuu wa NATO tangu Oktoba 1, 2024, na kila anapotajwa nasikia sifa zilezile: hana makuu, anaendesha baiskeli, akiwa waziri mkuu wa Uholanzi bado alikuwa anafundisha somo moja kwa wiki katika shule ya The Hague. Sizipingi. Ninachotaka tukijadili ni Januari 15, 2021, siku aliyopanda baiskeli hiyohiyo kwenda kwa mfalme kujiuzulu na baraza lake zima.

Kwa wasioijua habari yenyewe: Uholanzi, mzazi anayefanya kazi husaidiwa na serikali kulipia malezi ya mtoto. Fedha hizo, yaani posho, hutangulizwa, na mzazi naye huchangia sehemu. Mwaka 2013 zilivuma habari za Wabulgaria waliojiandikisha nchini, wakachota posho na kuondoka. Wananchi wakaja juu, bunge likataka ukali, na ikaundwa kamati ya mawaziri ya kupambana na udanganyifu. Mwenyekiti wake alikuwa Rutte mwenyewe. Msako ukapamba moto. Saini moja imekosekana, au mchango wako umepungua kidogo, unadaiwa posho yote ya mwaka. Si kile kilichopelea. Yote! Watu waliamka na deni la makumi ya maelfu ya euro, na Mamlaka ya Kodi, iliyokuwa ikizigawa posho hizo, haikutaka kusikia maelezo. Serikali ilikuja kukubali kwamba walioonewa ni zaidi ya wazazi 20,000. Watoto zaidi ya elfu moja wa familia hizo waliondolewa nyumbani, wakapelekwa kulelewa kwingine. Na uraia pacha ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyomtia mzazi kwenye orodha ya kushukiwa.

Desemba 2020 kamati ya bunge ikatoa ripoti na kuuita mkasa huo dhuluma isiyo na kifani. Mwezi uliofuata Rutte akajiuzulu. Miezi miwili baadaye, Machi 2021, uchaguzi: chama chake cha VVD kikapata viti 34 kati ya 150, kimoja zaidi ya vile vya mwanzo. Januari 10, 2022 akaapishwa tena, na vyama vilevile vinne vya serikali iliyojiuzulu.

Msimamo wangu nauweka wazi. Kiti hakikukaa wazi hata siku moja, maana hata baada ya kujiuzulu aliendelea kuongoza serikali ya muda. Mimi siwezi kuita huko kuwajibika.

MCHANGIAJI WA PILI (naishi Rotterdam)

Ndugu yangu, nakuheshimu ila hapa umemwonea mzee. Nchi hii haina waziri mkuu mwenye amri ya peke yake. Serikali ni ya muungano, waziri mkuu ni wa kwanza kati ya walio sawa, na Mamlaka ya Kodi ilikuwa chini ya Wizara ya Fedha. Tena umewasahau majaji. Baraza la Nchi, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mashauri ya namna hii, liliendelea kuubariki utaratibu wa kudai posho yote mpaka Oktoba 2019. Wabunge waliolia mwaka 2021 ni wa vyama vilevile vilivyodai ukali mwaka 2013. Sasa mnataka alipe mmoja?

Halafu kuna wapiga kura. Kashfa ilikuwa kwenye kila gazeti, watu wakaenda kupiga kura wakiijua, wakampa ushindi. Ukisema hakustahili kurudi, unawaambia mamilioni ya watu kwamba uamuzi wao si kitu. Mimi nimewahi kudaiwa na ofisi ya serikali hapa, barua juu ya barua, najua inavyokosesha usingizi. Bado nasema sanduku la kura ndilo lenye neno la mwisho.

MCHANGIAJI WA TATU

Wakubwa, shikamooni. Nimesoma nikamkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania. Watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, naye kama Waziri wa Mambo ya Ndani akaachia ngazi mwaka 1977 ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Akatoka kweli kwenye baraza, akaenda ubalozini Misri. Urais wa Muungano alikuja kuupata mwaka 1985. Kwa hiyo kurudi si dhambi, kaka wa Rotterdam uko sawa hapo. Mimi ninachouliza ni muda wa kukaa nje, na Rutte hakukaa nje hata kidogo.

MWANZISHA MADA

Marahaba mdogo wangu, umenisaidia kusema nilichoshindwa.

Ndugu wa Rotterdam, la majaji nalikubali, na la wabunge pia. Lakini tazama wenzake. Lodewijk Asscher, aliyekuwa waziri wa masuala ya jamii, aliachia uongozi wa chama cha Labour Januari 14, siku moja kabla ya baraza kuanguka. Eric Wiebes, aliyewahi kuisimamia Mamlaka ya Kodi, aliondoka Januari 15, siku baraza lilipoanguka, na hakubaki kwenye serikali ya muda. Kumbe njia ya kutoka ilikuwepo. Kuhusu kura, walioumia ni wachache ndani ya nchi iliyokuwa na watu milioni 17 wakati huo, na asiye na uraia wa Uholanzi hapigi kura ya bunge. Sanduku la kura linasema nani atawale. Kumtuliza mama aliyenyang'anywa kila kitu si kazi yake.

Na hili la kuwatilia watu shaka kwa asili yao halikuanza na posho. Mwaka 2003, akiwa naibu waziri, Rutte alizihimiza halmashauri ziwachunguze Wasomali waliokuwa wakipokea msaada wa serikali. Mwaka 2007 mahakama ikaamua kwamba uchunguzi wa namna hiyo ni ubaguzi. Mimi nina jamaa Wasomali waliohamia huko. Nikisoma hivyo siwezi kusema ni makosa ya makarani.

Umeiruka pia Aprili 1, 2021. Pieter Omtzigt, mbunge wa chama cha CDA aliyehangaika miaka kadhaa kuwatetea wazazi hao, alikutwa ametajwa kwenye karatasi za mazungumzo ya kuunda serikali, kwamba atafutiwe kazi kwingine. Rutte alisema hakumzungumzia. Kumbukumbu zilipotolewa, zikaonyesha alimzungumzia. Bunge likakesha. Hoja ya kutokuwa na imani naye ikashindwa kwa kura 77 dhidi ya 72, ila ile ya kulaani mwenendo wake ikaungwa mkono na kila chama isipokuwa chake. Hapo hapakuwa na Mamlaka ya Kodi, wala majaji, wala Wabulgaria. Palikuwa na yeye na kauli yake. Hilo nalo utamtetea vipi?