Seri ama kitabu kimoja chenye kinaisha, mnapenda gani?

KijanaWaKadutu: Jambo bandugu. Nimemaliza tomu ya 2 (kitabu cha pili) ya seri moja ya riwaya, nilinunua kwa barabara hapa Bukavu, sasa ya 3 haionekani, nimetuma mutu anitafutie paka Goma, yenye iko ni ya 5!! Nyinyi mnapenda seri ama riwaya yenye inaanza na kuisha palepale?

MamaIbanda: Pole mwanangu. Mi kitabu kimoja tu. Napanda boti jioni, asubuhi tuko Goma na story imeisha. Seri ni kama deni ya butiki, haiishaka.

Birere_Tu: Mama apana, seri njo tamu. Harry Potter ni tomu 7, 1997 paka 2007, mutoto mwenye alianza na ya kwanza alikomala pamoja na ule kijana Harry, kitabu kimoja haiwezi kukupa ile. Ubaya ni kungoja... George R. R. Martin, mwenye anaandika seri ya Game of Thrones, alitoa ya 5 mu 2011, ya 6 tuko tunangoja na mvi zinaota 😂

Kamalondo243: Mi niko na mama. Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi kwetu, ilitoka 2014, ni kitabu kimoja lakini kelele yote ya muji wa mine na baa iko ndani, tomu ya 2 ya kufanya nini?

KijanaWaKadutu: Sawa bakubwa. Lakini ile tomu ya 3, nani iko nayo?? Nalipa na transport.