Nakagua nyumba za watu kabla hawajanunua, hapa Dodoma. Cheti gani kina uzito?

Fundi_Nkuhungu

Habari zenu wakuu. Mimi nina diploma ya ujenzi, nimesimamia saiti hapa Dodoma mwaka wa tisa huu. Tangu serikali ihamie huku watu wanauziana nyumba kila kukicha, Iyumbu, Kisasa, Nala, na wengi wananipigia: "Kaka, kabla sijalipa, njoo uniangalizie."

Naenda na ngazi, tochi, timazi, pimamaji na kipande cha nondo cha kugongea sakafu. Nyumba za huku zina maradhi yake. Penye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, kiangazi ardhi inapasuka, mvua za Desemba zikianza inavimba, na msingi unanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Ufa unapanda tofali kwa tofali kama ngazi, mpana juu, mwembamba chini, halafu unakuta mlango wa chumba hicho haufungi. Baada ya hapo napanda darini. Mchwa wa Dodoma anajenga njia yake ya udongo nyuma ya plasta mpaka afike kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na ukiwa sebuleni huoni kitu.

Mwezi uliopita niliitwa na dada mmoja, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Nyumba ya vyumba vitatu, lakini rangi mpya imepakwa vyumba viwili tu. Hilo lilinishtua. Nikaomba tusogeze kabati, nikagonga ukuta, ukalia utupu: ufa umezibwa kwa simenti, ukapakwa rangi. Nikamwandikia kurasa mbili zenye picha. Muuzaji akazisoma, akaniuliza, "Wewe ni nani? Una muhuri wa bodi gani?" Sikuwa na jibu. Hakupunguza hata shilingi, na yule dada akanunua hivyo hivyo kwa sababu kodi alikopanga ilikuwa imeisha. Inaniuma mpaka leo.

Nimeona mtandaoni kozi za wakaguzi wa nyumba za Marekani, InterNACHI na ASHI. Nilipie? Au muhuri unaoheshimika huku unatoka kwingine? Na jingine: dalali mmoja anataka tushirikiane, aniletee wateja, nami nimpe sehemu ya ada yangu. Mnaonaje?

Mhandisi_AreaC

Mdogo wangu, swali lako ni la msingi. Sheria zetu hazina usajili wa "mkaguzi wa nyumba" kama fani inayojitegemea. Kazi unayoifanya imegawanyika kwenye bodi kadhaa. Wahandisi wako chini ya ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sheria ya mwaka 1997. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, AQRB. Wathamini wana bodi yao kwa sheria ya mwaka 2016. Kwenye umeme, anayefunga waya anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Watu wengi wanachanganya hapo kwenye uthamini. Benki ikitaka ripoti ya mthamini, mnunuzi anadhani nyumba imekaguliwa. Ripoti ile inamwambia nyumba ina thamani gani. Hakuna aliyepanda darini kumwangalizia kenchi.

Wewe mwenye diploma, ERB inasajili pia mafundi sanifu. Anza hapo. Ila chunga sana: usiandike "mhandisi" kwenye karatasi yako, maana kujiita mhandisi bila usajili ni kosa kisheria. Andika ulichokiona, mahali ulipokiona, na kipimo chake. Ukifika kwenye swali la kama msingi utahimili au hautahimili, hapo mwite mhandisi mtaalamu, aandike na kugonga muhuri wake. Muuzaji yule angekosa pa kushika.

Mgogo_Houston

Mbukwenyi! Mimi ni mtu wa Chamwino, niko Texas, nimefanya kazi na wakaguzi wa nyumba huku. Nikueleze zile kozi zilivyo, usije ukapoteza hela.

ASHI ni chama, kipo tangu 1976. InterNACHI nacho ni chama. Havitoi leseni. Leseni inatolewa na jimbo, tena si kila jimbo: Texas inadai leseni, California haina. Majimbo mengi yenye leseni yanatumia mtihani mmoja wa taifa wenye maswali 200, unaufanya kwa saa nne. Na ASHI, ili ikuite mkaguzi kamili, inataka uwe umekagua nyumba 250 za kulipwa. Kwa hiyo hata huku, ukiona mtu ana nembo ya chama, bado unamuuliza amekagua nyumba ngapi.

Soma viwango vyao vya ukaguzi, vinakufundisha utaratibu wa kuizunguka nyumba bila kuruka kitu. Lakini vimeandikwa kwa nyumba za mbao zenye tanuri la kupashia joto. Mbuga ya Nala hawaijui.

Kuhusu dalali, kataa, mkaguzi asiwe na maslahi mengine kwenye nyumba anayoikagua. Maadili ya ASHI yanamkataza mkaguzi kulipwa kwa kutengeneza kitu alichokikagua, kwa mwaka mzima baada ya ukaguzi. Nawe usimkague mtu leo, kesho ukamzibia ufa kwa malipo. Na huyo dalali anakula pale nyumba inapouzwa. Siku utakayomwambia mteja "usinunue," utakuwa umemnyima riziki mtu anayekuletea kazi. Utaanza kulegeza maneno kidogo kidogo, bila hata kujua.

Mama_Ilazo

Mwanangu, mimi nilinunua bila kumwita mtu. Karo la maji machafu lilichimbwa mita chache kutoka ukuta wa jikoni, na masika ya kwanza tu ukuta ukaanza kulowa kutoka chini. Ningempata mtu wa kunifungulia ule mfuniko tu na kuniambia, ningemlipa bila kuuliza muhuri. Usiache kazi hiyo. Lakini huo usajili uutafute, kwa sababu sisi tunakuamini, muuzaji hakuamini.

Fundi_Nkuhungu

Nawashukuru sana, na wewe mama yangu pole. Dalali nimemjibu leo asubuhi kwamba siwezi. Vyeti vyangu naviandaa vya ERB. Viwango vya ASHI nitavisoma, halafu nitengeneze fomu yangu ya Kiswahili, nianzie na udongo na mchwa.

Mhandisi, Jumamosi nina nyumba Ntyuka, ufa uko juu ya lenta ya dirisha, chumba cha nyuma. Nikipiga picha naweza kukuletea uangalie? Mteja yuko tayari kukulipa ada yako.

Mhandisi_AreaC

Lete. Weka rula pembeni ya ufa unapopiga picha, na uweke alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, na tarehe. Mteja akikubali kusubiri mpaka mvua zinyeshe, tutarudi Februari kuangalia kama ufa umevuka alama.