Fundi anataka kuukata mwembe: je, kuingiza asili ndani ya nyumba kuna faida ya kweli kwa mgonjwa?

Binti Pangani (mwanzisha mada)

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri kabla msingi haujachimbwa, kwa kuwa baada ya hapo kila badiliko litakuwa na gharama. Mama yangu ana umri wa miaka 71, na mwaka jana alipata kiharusi kilichomdhoofisha upande wa kushoto. Kwa sasa anaishi nasi Dar es Salaam katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani ulio umbali wa hatua mbili, ukuta wa saruji usio na rangi, wenye bomba la maji machafu katikati. Taa huwaka mchana kutwa. Mara nyingi huniuliza, "Kumekucha?" ilhali ni saa nne asubuhi, na swali hilo hunichoma moyo kila ninapolisikia.

Tumepata kiwanja Tanga, na tunataka kumjengea nyumba ndogo ya vyumba vitatu ili arudi kwao. Katika kona ya kusini-magharibi pana mwembe mkubwa. Fundi ameshauri ukatwe, kwa maelezo kwamba mizizi itapasua msingi na majani yatachafua ua, kisha eneo lote litandazwe vitofali vya saruji. Madirisha anayapendekeza yawe ya alumini ya kusukuma. Mimi nimesikia kwamba wasanifu wengi siku hizi husisitiza mwanga wa jua, upepo, miti na malighafi za asili kwa ajili ya afya ya wakazi. Je, jambo hilo lina ushahidi, au ni urembo wa wenye fedha? Na kama lina ukweli, nianzie wapi?

Msanifu wa Raskazone

Dada, pole kwa kumuuguza mama. Ushahidi upo, na ulio maarufu zaidi unahusu dirisha kama hilo la mama yako. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za kati ya mwaka 1972 na 1981. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo: nusu yao walilazwa katika vyumba vilivyotazama miti, na nusu nyingine katika vyumba vya namna ileile vilivyotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96, wenzao siku 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Tofauti ya siku si kubwa, na wagonjwa walikuwa wachache, lakini kilichotofautiana kilikuwa ni kile kinachoonekana dirishani, na hilo ndilo lililowafanya wasanifu wa hospitali waanze kufikiri upya.

Karibu nasi, hospitali ya Butaro kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilipanga vitanda vya wodi katikati, vikipakana na ukuta mfupi, ili kila mgonjwa atazame dirisha na vilima vya nje badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Upepo unapita wodini kwa makusudi, kwa sababu wasanifu walikusudia pia kupunguza uambukizaji wa kifua kikuu.

Sasa kiwanja chako. Naona makosa mengi hufanyika hapa: watu hujenga kwanza, kisha hununua vyungu vya maua ili kuleta asili ndani. Asili ya nyumba huamuliwa siku ya kuchora msingi. Pwani yetu ina pepo mbili kuu, kusi na kaskazi, na chumba chenye nafasi za hewa pande mbili zinazokabiliana kitapitisha upepo karibu mwaka mzima. Jua la kuumiza ni la mashariki na la magharibi, kwa kuwa hushuka chini na kupiga ukuta moja kwa moja, ilhali la adhuhuri huwa juu sana kiasi kwamba paa lililotokeza sentimita 90 hulizuia. Kwa hiyo weka dirisha kubwa la mama upande wa kusini, na juu ya mlango ulio kaskazini acha matundu ya hewa. Mwembe wako uko kusini-magharibi, yaani utakuwa unakinga ukuta wa magharibi dhidi ya jua la alasiri, na mama atauona kutoka kitandani. Ukiukata, utanunua kiyoyozi kufanya kazi ambayo mti ulikuwa unaifanya bure.

Mambo mawili ya kumwambia fundi. La kwanza, dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, hivyo kwa chumba hicho chagua la bawaba, na wavu wa mbu uwe wa kufunguka ili usafishike. La pili, mafundi wetu huanza dirisha baada ya kozi (safu) nne za tofali, karibu sentimita 95 kutoka sakafuni, na mtu aliyelala huona mbingu peke yake. Mwambie aanze baada ya kozi mbili. Kuhusu mizizi, sogeza msingi angalau mita 6 kutoka shinani, na shimo la choo liwe mbali zaidi. Mtaro wa msingi ukipita karibu, hukata mizizi mikubwa, na mti unaweza kuanguka siku ya dhoruba. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko ufa.

Mwana wa Lamu

Nakubaliana na msanifu katika mengi, ila dirisha la kozi mbili lina tatizo ambalo hakulitaja, nalo ni stara. Mama mtu mzima amelala, kanga imemtoka kichwani, na kila apitaye njiani anamwona. Matokeo yake pazia litafungwa kutwa, na mwembe hautaonekana tena.

Wazee wetu walilitatua jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni virefu vyembamba, kwani boriti za mikoko hazikuruhusu upana unaozidi mita 3 hivi. Upande wa njiani kuna daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na ukuta mzito, wala hakuna dirisha la kumwanika mtu. Mwanga na hewa huingia kutoka kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani usioezekwa, ambako bibi yangu alipanda asmini. Jioni harufu yake ilifika hadi chumba cha mwisho, na mtu aliyelala alijua kwa pua kwamba Magharibi imekaribia. Hata nyumba za Kiswahili za Magomeni na Ilala, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, ziliacha ua wa nyuma kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo, dada, dirisha liwe chini kama ulivyoshauriwa, lakini litazame ua wa ndani ulio na ukuta au uzio, na njia iwe upande mwingine wa nyumba.

Muuguzi Mstaafu

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na kitanda cha dirishani ndicho kilichoombwa kuliko vyote. Wazee waliolazwa mahali pasipo na mwanga wa mchana huchanganya usiku na mchana, hulala wakati wa chakula na kuamka usiku wa manane. Swali la mama yako la "Kumekucha?" si usahaulifu tu, mwili wenyewe hauna alama ya kujua saa.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kuchora. Kiharusi kilichodhoofisha upande wa kushoto wakati mwingine humfanya mgonjwa asitambue kabisa vilivyo upande huo, hata kama macho yake ni mazima. Tazama sahani yake baada ya kula: je, huacha chakula cha upande wa kushoto? Kama ndivyo, mwulizeni mtaalamu wa fiziotherapia mahali pa kuweka kitanda kabla ya kuamua dirisha.

Vilevile mti wa kutazamwa tu hautoshi. Mtengenezeeni njia ya kufika kivulini kwa kiti cha magurudumu: kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu, yaani ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180.

Kuhusu mimea ya ndani, msiinunue kwa kuambiwa kwamba inasafisha hewa. Dai hilo lilitokana na jaribio la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la mwaka 1989 lililofanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kulingana na hewa inayobadilishwa kwa njia ya kawaida. Wekeni mmea kwa sababu mama atapenda kuumwagilia. Lile ua dogo la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya, ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, limetoka kwenye milima yenu ya Tanga. Maji ya visahani vya chini ya vyungu yamwagwe kila mara, maana mbu wa dengi huzaliana katika maji machache kama hayo.

Binti Pangani

Shikamoo mama muuguzi, nawashukuru nyote. Jana niliitazama sahani. Wali wa upande wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto haukuguswa, nami kwa miezi yote hii nilidhani ameshiba. Tumepanga kumwona mtaalamu Jumatatu.

Fundi nimempigia simu na kumweleza habari ya mtaro na mizizi. Amekubali kusogeza kamba za msingi kuelekea kaskazini, mlango mkubwa na njia vibaki upande huo, na dirisha la mama litazame uani. Vitofali vya saruji vitaishia kwenye njia ya kiti peke yake. Mama nilipomwambia kuna mwembe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni dodo au bolibo. Nimemjibu ni dodo.