Ni Waziri Mkuu gani wa Uingereza aliyekuwa bora zaidi tangu mwaka 1945, na tumpime kwa kipimo gani?

Mpenda Historia ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya siasa za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na kila nikimaliza kitabu kimoja najikuta nimeuacha msimamo niliokuwa nao mwanzoni. Kati ya mawaziri wakuu wote waliopita katika ile nyumba ya Downing Street tangu Julai 1945, ni nani anayestahili kuitwa bora kuliko wenzake? Najua kwamba Chuo Kikuu cha Leeds kimewauliza wanazuoni swali la namna hii mwaka 2004, 2010 na 2016, na mara zote tatu Clement Attlee, wa chama cha Leba (Labour), aliyeongoza kuanzia 1945 hadi 1951, ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza. Hata hivyo, sipendi kulipokea jibu kwa kuwa tu limetoka kwa wasomi. Nataka kuelewa limefikiwaje.

Kinachonitatiza ni kipimo. Tukihesabu chaguzi, Harold Wilson alitoka na ushindi mara nne. Tukihesabu miaka, Margaret Thatcher alikaa zaidi ya kumi na moja mfululizo. Tukitazama ukubwa wa ushindi, Tony Blair aliingia bungeni mwaka 1997 akiwa na wingi wa viti 179. Naomba pia tumweke Churchill mahali pake: aliyoyatenda kati ya 1940 na 1945 hayamo katika swali hili, hivyo apimwe kwa kipindi cha 1951 hadi 1955 peke yake.

Mzee wa Maktaba amejibu:

Ndugu Mpenda Historia, umegusa penyewe uliposema kipimo. Mimi ninacho kimoja ambacho nimekitumia kwa miaka mingi na hakijanitupa: nawaacha wafuasi wa kiongozi, namtazama mpinzani wake siku anapokabidhiwa madaraka. Ikiwa mpinzani huyo amekuta jambo alilolipiga vita kwa nguvu zake zote, kisha akaliacha lisimame, basi jambo hilo limeshatoka mikononi mwa chama na kuwa mali ya nchi.

Kwa kipimo hicho namtanguliza Attlee. Muswada wa Huduma ya Taifa ya Afya, yaani matibabu bila malipo kwa wote, ulipofika bungeni mwaka 1946, Wahafidhina (chama cha Churchill, na baadaye cha Thatcher) waliupigia kura ya kuukataa. Madaktari wengi, kupitia chama chao, walitishia kuususia, hata Aneurin Bevan, waziri wa afya, akalazimika kukubali kwamba madaktari bingwa waendelee kuwatibu wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali za umma. Tarehe 5 Julai 1948 Bevan alikwenda katika hospitali moja ya Davyhulme, karibu na Manchester, akasimama kando ya kitanda cha msichana wa miaka 13 ambaye anahesabiwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa huduma hiyo. Katika miezi iliyofuata watu walifurika kutafuta miwani na meno ya bandia. Kabla ya hapo, asiye na uwezo wa kumlipa mtaalamu wa macho aliingia dukani, akajaribu miwani jozi moja baada ya nyingine, akaondoka na ile iliyomsaidia angalau kidogo. Churchill aliporudi madarakani mwaka 1951 aliirudisha sekta ya chuma na ya malori ya mizigo kwa watu binafsi, lakini makaa ya mawe, reli na hospitali hakuzitoa mikononi mwa umma.

Tena haya yote yalifanywa na serikali isiyo na fedha. Vita vya Japani vilipomalizika tu Agosti 1945, Marekani ilikata msaada wake wa vita, na Uingereza ikalazimika kukopa dola bilioni 3.75 ambazo malipo yake ya mwisho yalikamilika mwaka 2006. Mkate, ambao haukuwahi kuwekwa kwenye mgawo wakati wa vita vyenyewe, uliwekwa kwenye mgawo kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Kiongozi mwingine angesema kwamba hospitali zisubiri hali itengemae. Attlee hakusubiri, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wake.

Niongeze neno kuhusu mtu mwenyewe, kwa kuwa wengi humdharau. Siku ya matokeo, tarehe 26 Julai 1945, alikwenda kwa Mfalme katika gari dogo la familia, mkewe akiwa ndiye dereva. Baraza lake lilikuwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yake, akina Ernest Bevin, Herbert Morrison na Stafford Cripps, na Morrison alijaribu kumpokonya uongozi siku hiyo hiyo ya ushindi. Attlee aliwapa kazi, akawaacha wafanye, na kikao kilipoanza kuzunguka alikifupisha.

Mchumi wa Jioni amejibu:

Shikamoo, Mzee wa Maktaba. Kipimo chako nakikubali kikamilifu, na kwa sababu hiyo hiyo naona kinamfikisha Thatcher pale pale ulipomfikisha Attlee.

Tukumbuke alikoikuta nchi. Mwaka 1976 serikali ya Leba ilikwenda kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na kukubali kupunguza matumizi. Majira ya baridi ya 1978 na 1979 migomo ilifuatana, taka zikarundikana katika viwanja vya London, na serikali ya James Callaghan ikaangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Mfumuko wa bei ulivuka asilimia 20 mwaka 1980. Kufikia 1983 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 5. Sifichi gharama yake, kwani wasio na kazi walizidi milioni tatu, na wachimbaji wa makaa ya mawe waliogoma kwa mwaka mzima walirudi migodini Machi 1985 wakiandamana nyuma ya bendera na bendi zao bila kupata walichokidai.

Sasa tumtazame mpinzani, kama ulivyotufundisha. Kabla hata ya kushinda, chama cha Leba mwaka 1995 kilikibadilisha kifungu cha katiba yake kilichoahidi umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji. Blair alipoingia hakutaifisha simu wala gesi. Kura ya siri kabla ya mgomo aliiacha kuwa sheria, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikabaki asilimia 40, kama Thatcher alivyokiweka mwaka 1988.

Kuhusu ujasiri wake binafsi, hata wasiompenda hukubali. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 1984 bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, lililipuka katika hoteli ya Brighton akiwa bado macho anafanya kazi. Watu watano walikufa. Asubuhi ile ile, saa tatu na nusu, mkutano mkuu wa chama ulifunguliwa kwa wakati uliopangwa, naye akapanda jukwaani kuhutubia.

Mama Ramani amejibu:

Nimewasoma nyote wawili kwa makini, na kinachonisikitisha ni kwamba mnawapima watu waliotawala sehemu kubwa ya dunia kana kwamba waliongoza kisiwa peke yake. Nilifundisha somo la historia kwa miaka mingi, na sikuwahi kuweza kuufunga mjadala wa Attlee kwenye milango ya hospitali.

Februari 1947 serikali yake ilitangaza kwamba Uingereza ingeondoka India kabla ya Juni 1948. Kisha Mountbatten, gavana mkuu wa mwisho wa Uingereza huko India, akaisogeza tarehe hadi Agosti 1947. Mpaka wa kuzigawa Punjab na Bengali aliachiwa Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwahi kufika India kabla ya hapo, naye akapewa wiki tano hivi za kuichora mistari iliyopita katikati ya wilaya, mashamba na mifereji. Mistari hiyo ilitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kuwa huru, maana yake ni kwamba watu walisherehekea uhuru bila kujua wako nchi gani. Waliouawa walikuwa mamia ya maelfu, na waliohama makwao walizidi milioni kumi. Siwezi kuliandika jambo hili kama tanbihi.

Au chukueni Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ambao serikali hiyo hiyo ilikusudia ukomeshe uhaba wa mafuta ya kupikia Uingereza. Walilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yalipelekwa Kongwa, mahali penye mvua haba na udongo ambao ukikauka huwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine, na mwaka 1951 mpango ulitupwa ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Wenyeji wa pale walikuwa wanazijua mvua zao, waliopanga waliharakisha.

Ndiyo maana mimi namtaja Harold Macmillan. Sio malaika: mwaka 1956, akiwa waziri wa fedha, alikuwa miongoni mwa waliomsukuma Waziri Mkuu Anthony Eden kuivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, na Machi 1959, akiwa Waziri Mkuu, wafungwa 11 wa kambi ya Hola nchini Kenya walipigwa na walinzi hadi kufa, kisha maofisa wakatoa taarifa iliyohusisha vifo vile na maji ya kunywa. Lakini alijifunza. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo alimteua Iain Macleod kuwa waziri wa makoloni, na tarehe 3 Februari 1960 alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini, mjini Cape Town, akawaambia wabunge wa ubaguzi ana kwa ana kwamba upepo wa mabadiliko unavuma barani Afrika. Nigeria ilipata uhuru mwaka huo, Sierra Leone na Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962. Ni nadra kumwona kiongozi wa umri wake akiacha imani aliyoishi nayo tangu ujana.

Msomaji wa Usiku amejibu:

Naomba kuwatetea wawili kwa ufupi. Wilson alikataa kupeleka majeshi Vietnam ingawa Marekani ilimbana wakati sarafu yake ikiyumba. Katika miaka yake adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji ilisimamishwa, na Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa kwa ajili ya watu waliokosa nafasi walipokuwa vijana. Blair alisaini Mkataba wa Belfast, wa amani ya Ireland Kaskazini, tarehe 10 Aprili 1998, akaanzisha kima cha chini cha mshahara mwaka 1999. Wilson anaangushwa na Rhodesia, ambako walowezi weupe walijitangazia uhuru, na visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake waliondolewa. Blair anaangushwa na Iraki, na kwangu anguko hilo ni zito kuliko mengine yote, kwa sababu vita vile alivichagua mwenyewe.

Mzee wa Maktaba amejibu:

Marahaba, Mchumi wa Jioni. Umenikamata kwa kamba yangu mwenyewe, na nakiri kwamba Thatcher anapita katika mlango niliouweka. Hata hivyo si mambo yake yote yaliyopita. Kodi ya kichwa, iliyoanza Uskoti mwaka 1989 kisha England na Wales mwaka 1990, ilimtoza tajiri na mfagizi kiasi kile kile katika halmashauri moja. Iliamsha ghasia mitaani, na waliokuja kuiondoa walikuwa wa chama chake, chini ya John Major aliyemrithi. Tazama pia nyumba za halmashauri. Sheria ya mwaka 1980 iliwawezesha wapangaji kununua nyumba walizoishi kwa punguzo kubwa, na zaidi ya milioni moja ziliuzwa wakati wa utawala wake. Mpangaji aliyeipaka mlango rangi aliyoipenda yeye, baada ya miaka ya kupangiwa rangi na halmashauri, alikuwa na furaha ya kweli na siidharau. Lakini halmashauri zilizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyingine, na mtoto wa mpangaji yule alipokua hakuikuta nyumba ya kupanga. Hospitali ya Attlee inampokea mjukuu kama ilivyompokea babu.

Mama Ramani, kuhusu India siwezi kujitetea kikamilifu. Ningesema kwamba Churchill asingeondoka kabisa, na kwamba mwaka 1947 Uingereza haikuwa na askari wala fedha za kuituliza nchi kubwa kiasi kile. Hayo ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini mpaka ulichorwa kwa wiki tano. Uamuzi wa kuondoka ulikuwa sahihi. Namna ya kuondoka ni doa lake, na sitalifunika.

Mpenda Historia amejibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeamua kumweka Attlee wa kwanza, na nitakapoandika jina lake nitaiandika India ubavuni mwake, si chini ya ukurasa. Thatcher namweka wa pili kwa uzito wa alama alizoacha, ingawa hoja ya nyumba imenigusa kuliko ya migodi. Macmillan amepanda sana kwangu tangu asubuhi. Walio mwisho hawanipi shida: Eden, aliyelihakikishia Bunge la Makabwela Desemba 1956 kwamba hakujua mapema kuwa Israeli ingeishambulia Misri, na Liz Truss, aliyedumu siku 49.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitegemea nilipoanza swali hili. Katika uchaguzi wa Oktoba 1951 Leba ilipata takriban kura milioni 13.9, na Wahafidhina pamoja na washirika wao milioni 13.7, lakini Wahafidhina ndio waliopata viti 321 dhidi ya 295. Attlee aliondolewa akiwa na kura nyingi kuliko aliyemshinda. Kura zake zilirundikana katika miji ya viwanda na migodi, wakati viti vilivyoamua matokeo vilikuwa vitongojini, kwa akina mama waliokuwa bado wanapanga foleni ya nyama na daftari la mgawo mkononi miaka sita baada ya vita. Mgawo wa nyama uliondolewa Julai 1954, Churchill akiwa Waziri Mkuu.